Hatua kwa Hatua: Historia ya Kujifunza Stadi Bukoba na Muleba, kutoka Tanuru la Chuma hadi Msimbo wa Tovuti

Kozi za kutengeneza tovuti zinazopatikana leo kwenye intaneti, ambazo kijana wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, anaweza kuzifuata bila kuhama wilaya yake, zimejengwa karibu zote juu ya mpango mmoja: stadi kubwa hukatwa vipande vidogo, kila kipande hugeuzwa kuwa zoezi, kila zoezi hupimwa papo hapo, na mwanafunzi hasongi mbele mpaka lile lililotangulia liwe limekubaliwa. Kwanza hufundishwa HTML, yaani lugha ya alama inayoieleza kompyuta ni sehemu ipi ya maandishi iliyo kichwa cha habari, ipi iliyo aya na ipi iliyo picha. Kisha CSS, lugha ya kupanga rangi, ukubwa na mahali pa kila kitu. Na baadaye JavaScript, lugha ya programu inayoufanya ukurasa umjibu mtumiaji anapobonyeza au kuandika. Mpango huu huonekana kuwa zao la karne ya 21, lakini ukichunguzwa kwa jicho la historia una nasaba ndefu, na katika nchi ya Wahaya nasaba hiyo inaweza kufuatiliwa katika vipindi vinne, navyo ni uyeyushaji wa chuma, ukatekumeni wa misheni, kisomo cha watu wazima na mafunzo ya kompyuta. Vipindi hivyo vikiwekwa pamoja hutoa fundisho moja: kujifunza hatua kwa hatua kulizaa matunda pale ambapo hatua ya mwisho ilikuwa kazi halisi iliyohitajiwa na jamii, na kulidhoofika kila mara hatua zilipogeuka kuwa lengo lenyewe.

Stadi ya kwanza ambayo ushahidi wake umebaki ardhini ni ya chuma. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alichimba Katuruka, mahali ambapo masimulizi ya wazee yanapahusisha na Mukama Rugomora Mahe, mtawala wa Kiamutwara aliyesimuliwa kuwa alijaribu kusimamisha mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, na baadaye akachimba katika eneo la ghuba ya Kemondo, ambako yalifukuliwa mabaki ya matanuru ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba wayeyushaji wa kale wa Buhaya waliipasha hewa joto kabla haijafika katikati ya tanuru, kwa kuziingiza ndani kabisa neli, yaani mabomba ya udongo ya kupitishia hewa. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo, hasa kuhusu kiwango cha joto kilichofikiwa, lakini mjadala wenyewe uliithibitisha hadhi ya kazi iliyokuwa imefanyika: haikuwa bahati ya mtu mmoja, ilikuwa elimu iliyopangika na kurithishwa kwa vizazi vingi bila herufi hata moja.

Mpangilio wa elimu hiyo ulionekana wazi mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliokuwa wameiacha kazi ya kuyeyusha chuma kwa takriban nusu karne walipoirudia mbele ya watafiti. Mawe ya chuma yalichimbwa na kuchomwa kabla ya kuingia tanuruni. Makaa yalichomwa mapema. Neli zilifinyangwa na kukaushwa. Shimo lilichimbwa na kusiribwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Matete ya kinamasi yalichomwa ndani ya shimo mpaka yakalijaza kwa makaa laini. Ukuta wa tanuru ulijengwa kwa udongo huohuo pamoja na mavi ya chuma ya zamani, yaani makapi magumu yanayobaki chuma kinapotengana na mawe. Ndipo mivukuto ikapangwa na kuvukutwa kwa saa nyingi bila kukoma. Kila hatua ilitegemea iliyoitangulia, na kosa la hatua ya pili liliweza kujificha mpaka mwisho, pale tanuru lilipofunguliwa na kukutwa makapi matupu. Wazee hao hawakufanikiwa mara moja: walilazimika kurudia, kubadilisha na kupima upya, kwa sababu baadhi ya maarifa hukaa katika mikono inayofanya kazi, na mikono ikikaa muda mrefu bila kazi hata kumbukumbu nzuri hupungukiwa.

Katika mfumo huo kipimo cha kujifunza kilikuwa kitu chenyewe. Bonge la chuma lililotoka tanuruni lilipelekwa kwa mhunzi likawa jembe la kulimia kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba, au mundu, au mkuki, na mtumiaji wa jembe hilo ndiye aliyekuwa mtahini wa mwisho. Majembe na vyuma kutoka Ulaya vilipoenea chini ya utawala wa kikoloni, mahitaji ya chuma cha tanuru yalififia na mnyororo wa kurithishana ukakatika katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Hatua hazikusahauliwa kwa sababu zilikuwa ngumu. Zilisahauliwa kwa sababu kazi iliyozihitaji iliondoka.

Kipindi cha pili kilianza na misheni. Wajerumani walianzisha kituo chao Bukoba mwaka 1890, Emin Pasha alipofika ufukweni kwa niaba yao, na mwaka 1892 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kwa jina la Mapadri Weupe, walianzisha misheni ya Kashozi baada ya vita vya kidini vya Buganda kumsukuma Askofu Jean-Joseph Hirth na wenzake kuvuka mpaka. Walikuja na utaratibu wa ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho kabla ya ubatizo, uliowekwa na mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie. Utaratibu huo ulidai miaka minne: miwili ya mwombaji, ambaye alifundishwa misingi tu, na miwili ya mkatekumeni, aliyefundishwa imani kwa ukamilifu, na hakuna aliyevuka daraja moja kwenda jingine bila kupimwa. Vitabu vya mwanzo na wengi wa makatekista walitoka upande wa Buganda, hivyo Wahaya wa kwanza kujua kusoma walijifunza herufi na dini kwa wakati mmoja, na mara nyingi kwa lugha ya jirani kabla ya lugha yao.

Ulikuwa mpango wa hatua uliokamilika kuliko wowote uliowahi kuandikwa katika eneo hilo, ukiwa na ngazi, muda, mtahini na cheti, na matunda yake ni makubwa. Seminari ya Rubya, iliyoanzishwa mwaka 1904 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, ilimlea Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, akapewa upadri mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali. Walutheri wa misheni ya Betheli, waliofika mwaka 1910, nao walijenga shule na vyuo, na miongoni mwa waliopita mikononi mwao ni Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa kawaida wa kijijini, ambaye hakuendelea hadi seminari wala chuo cha ualimu, mafundisho ya maswali na majibu yaliyokaririwa yalikuwa na udhaifu wake: mtu aliweza kuvuka ngazi zote kwa kukumbuka maneno, asipate nafasi ya kuyatumia maandishi katika shughuli nyingine ya maisha, na baada ya miaka michache stadi ya kusoma ikamtoka.

Udhaifu huo ndio ulioshughulikiwa na kipindi cha tatu, ambacho ndicho babu wa karibu zaidi wa kozi za leo. Mwaka 1965 mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran, Iran, ulipendekeza kisomo cha watu wazima kiunganishwe na kazi zao za uzalishaji, na UNESCO ikaanzisha mpango wa majaribio katika nchi 11, Tanzania ikiwa mojawapo. Mradi wa Tanzania ulikuwa na makao yake Mwanza, ukafanya kazi kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 katika mikoa minne ya kanda ya ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, jina lililotumika kwa mkoa wa Kagera kabla ya mwaka 1979. Badala ya kitabu kimoja cha kusomea kwa nchi nzima, mradi uliandaa vitabu kulingana na kazi ya msomaji: pamba kwa wakulima wa Usukuma, uvuvi kwa watu wa ufukweni, ufugaji, maarifa ya nyumbani, na ndizi kwa watu wa Ziwa Magharibi.

Namna somo lilivyopangwa inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna takriban kila kitu kinachosifiwa leo katika mafunzo ya kidijitali. Darasa lilianza na picha na mazungumzo kuhusu jambo ambalo wanakisomo walilifahamu, kwa mfano shamba lililochoka. Kutoka kwenye mazungumzo lilitolewa neno moja au sentensi moja. Neno hilo lilikatwa silabi. Silabi zilichanganywa upya kupata maneno mapya. Maneno yakaunda sentensi ambazo wanakisomo waliziandika wenyewe. Hesabu ikafuata, nayo ilihusu vipimo na mapato ya zao hilohilo. Na mwisho darasa lilitakiwa kutoka nje, kwenye shamba la mfano, kutenda lile lililosomwa. Herufi, kwa hiyo, haikusimama peke yake, kwani kila ngazi ilikuwa na matumizi yaliyoweza kuonekana na jirani. Wahitimu walitayarishiwa pia kitu cha kusoma, likiwamo gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili stadi isichakae kwa kukosa matumizi.

Uzoefu wa kanda ya ziwa uliingizwa katika kampeni ya kitaifa ya miaka ya 1970, iliyotanguliwa na tamko la Mwalimu Julius Nyerere la kuufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 uliwapanga wanakisomo katika hatua nne, kuanzia anayehudhuria na kutambua alama chache hadi anayeweza kusoma gazeti, kuandika barua na kutunza hesabu zake, na kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika kilihesabiwa kuwa kimeshuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39. Kampeni za redio ziliutumia mpango uleule: katika Mtu ni Afya ya mwaka 1973 vikundi vya wasikilizaji nchini kote vilisikiliza kipindi, vikasoma kijitabu, vikajadili, kisha vikachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu kabla ya kipindi kilichofuata, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Zoezi ambalo halikuacha alama kijijini halikuhesabiwa kuwa limekamilika.

Wakati huohuo, mbali na Ziwa Viktoria, wazo la hatua ndogo lilikuwa likipata sura ya mashine. Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha mashine ya kufundishia mwaka 1954, akitetea kanuni tatu: somo lipasuliwe vipande vidogo mno, jibu la mwanafunzi lipimwe papo hapo, na kila mmoja aende kwa mwendo wake. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kilianza mfumo ulioitwa PLATO, ambao ulizihamishia kanuni hizo kwenye kompyuta. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, alikuja kupinga matumizi ya kompyuta kumwongoza mtoto kwa maswali na majibu, akishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiongoza kompyuta kwa kutengeneza kitu chake. Tofauti ya Skinner na Papert ndiyo ileile iliyokuwapo kati ya mafundisho ya kukariri na kisomo cha shamba la mfano.

Kwa upande wa kipindi cha nne, kompyuta yenyewe ilichelewa kufika Bukoba kwa sababu zinazojulikana. Serikali ya Tanzania ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960, lakini mwaka 1974, baada ya gharama kubwa za fedha za kigeni na matatizo ya mfumo wa hesabu za Serikali, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ililegezwa taratibu tu katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kagera ilikuwa na mizigo yake yenyewe katika kipindi hicho. Vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya utawala wa Idi Amin wa Uganda vilipiganwa kwanza katika ardhi yake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini walipatikana mkoani humo, na ugonjwa huo ukawaondoa wazazi ambao wangewarithisha watoto wao stadi za kibanja. Bei ya kahawa ikayumba. Na mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini katika Wilaya ya Muleba, ukalishambulia zao ambalo maisha ya Wahaya yameegemea. Kwa kijana aliyekulia katika miaka hiyo, kutafuta ufundi mwingine wa kujipatia riziki lilikuwa jambo la lazima.

Ufundi huo mpya ulikuwa ukiandaliwa kwingine. Tim Berners-Lee alipendekeza mtandao wa kurasa zilizounganishwa mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva. Tovuti ya kwanza ilionekana mwaka 1991. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia dunia teknolojia hiyo bila malipo. Uamuzi huo ndio uliofanya HTML iwe ufundi ambao mtu yeyote anaweza kujifunza bila kununua leseni. Mafunzo yake yalifuata: W3Schools mwaka 1998, Codecademy mwaka 2011, freeCodeCamp mwaka 2014. Kwa upande wa Afrika Mashariki, mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuitandaza huduma hiyo mikoani. Hata hapo, umeme wa Bukoba kwa muda mrefu ulitegemea njia inayotoka Masaka nchini Uganda hadi Kyaka, na ulipokatika zoezi nalo lilikatika, jambo linaloeleza kwa nini simu janja, yenye betri yake na kifurushi chake cha data, imekuwa darasa la wengi kabla ya kompyuta.

Lugha ilikuwa kikwazo cha pili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisini iitwayo Jambo OpenOffice, ambayo menyu na maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili, na kwa kufanya hivyo kilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kuzungumza lugha ya mtumiaji. Mazoezi ya msimbo, hata hivyo, yamebaki kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi wa leo yuko mahali palepale aliposimama mkatekumeni wa Kashozi, aliyelazimika kujifunza stadi na lugha ngeni kwa pamoja. Mradi wa kisomo wa mwaka 1968 ulifahamu kwamba mizigo miwili ikibebeshwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, mmoja huanguka, na ndiyo maana vitabu vyake viliandikwa kwa Kiswahili chepesi.

Zoezi la msimbo lina nguvu ambayo tanuru wala darasa la kisomo halikuwa nayo. Mwanafunzi husoma agizo upande mmoja wa skrini, huandika upande wa pili, na huona ukurasa ukibadilika mbele ya macho yake. Programu ya kupima hulinganisha alichoandika na kilichotakiwa, na kama amesahau kuifunga alama aliyoifungua, huambiwa papo hapo. Kosa ambalo tanuruni lingegharimu makaa na siku nzima ya kazi, hapa hugharimu sekunde chache, na kwa hiyo mtu asiye na mtaji anaweza kukosea mara nyingi kadiri anavyohitaji. Lakini urahisi huo una hatari yake. Kwa kuwa agizo hutaja hasa kitu cha kuandika, inawezekana kuvuka mamia ya mazoezi kwa kunakili, kama ilivyowezekana kuvuka ngazi za katekisimu kwa kukariri; mtu hupata alama zote na cheti, kisha akifungua ukurasa mtupu, bila agizo wala mpimaji, asijue aanzie wapi. Kozi zilizo bora hulitambua jambo hili na huweka mwisho wa kila sehemu kazi kubwa isiyo na maelekezo ya kina, ambayo mwanafunzi huibuni na kuikamilisha mwenyewe.

Hapo ndipo historia ya Buhaya inapokuwa mwongozo wa vitendo. Kazi ya mwisho haihitaji kuwa duka la kubuni lililoko Marekani. Mkoa una mahitaji yake yanayosubiri. Vyama vya msingi vilivyo chini ya KCU, yaani Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, hupokea kahawa ya maganda kutoka kwa wakulima wengi wadogo, na ukurasa mwepesi unaomwonyesha mkulima uzito aliopeleka, bei ya mnada na tarehe ya malipo ungekuwa jembe halisi lililotoka tanuruni. Shule, zahanati, parokia na dayosisi, wavuvi wa visiwa vya Muleba na wafanyabiashara wa Kashai mjini Bukoba wana taarifa ambazo bado ziko kwenye daftari au ubao wa matangazo. Mwanafunzi anayelijenga moja la mambo haya hupimwa na watu watakaolitumia, nao hawapimi kwa kulinganisha herufi, wanapima kwa kuuliza kama linawafaa.

Mazingira ya kufanya hivyo yanazidi kuwa mazuri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeipa elimu ya ujuzi uzito mpya, na mtaala ulioifuata umeipa kompyuta nafasi pana zaidi shuleni. Majengo, vifaa na mitaala, hata hivyo, haviamui peke yake hatima ya stadi. Walimu, wakuu wa vyuo na viongozi wa vyama vya ushirika wa Bukoba na Muleba wanapaswa kukubaliana juu ya kanuni moja ambayo wakufunzi wa kisomo waliitekeleza miaka zaidi ya 50 iliyopita: pasiwe na kozi inayofungwa kwa cheti pekee, bali kila mhitimu akabidhi kitu kinachofanya kazi, kwa mtu anayekihitaji, katika lugha anayoielewa.